Mapafu ya Mpika Udi

Wanangu mnaokuja chini ya dirisha langu mkitaka niwafundishe kupika udi, mniwie radhi kwamba sijamwambia hata mmoja wenu apande juu. Najua mnasema bibi huyu anaringa. Wengine mmelisema kwa sauti kabisa, na uchochoro wetu huu ni mwembamba, kila linalosemwa chini linanifikia mimi juu kama harufu ya vitunguu. Siringi. Nina mapafu mabovu na damu isiyojua kazi yake, na nimeona niwaeleze yote mara moja, udi na maradhi pamoja, kwa sababu kwangu mimi vimeshikana na sijui kuvisimulia mbalimbali.

Naitwa Salha. Nimepika udi hapa Mji Mkongwe tangu sijaolewa mpaka daktari aliponipokonya sufuria. Siyo udi wa vijiti unaouzwa dukani kwenye boksi. Ninaousema mimi ni vipande vya mti wa udi vilivyopikwa kwenye sukari na marashi, vikatiwa miski na mafuta mazuri, vikaachwa kwenye chupa mpaka viive. Unaweka kipande juu ya makaa kwenye chetezo, na moshi wake unaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mapazia, na kama nilivyokuja kujua, ndani ya kifua cha mtu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kufukiza nguo za maharusi. Leo nikikaa dirishani anapita mwanamke mzima na wajukuu wake, na mimi nakumbuka shela yake kabla sijakumbuka jina lake.

Aliyenifundisha ni Bi Kazija wa Mlandege. Alitufundisha wawili, mimi na Asya, rafiki yangu wa Kikwajuni niliyesoma naye chuo cha Kurani tangu tukiwa hatujajua kufunga ushungi. Bi Kazija alikuwa mkali na maneno yake machache. Siku ya kwanza alinikuta nimeinama juu ya sufuria nikinusa, akanivuta sikio.

"Unanusa nini? Pua yako ishalewa moshi, haijui kitu. Tega sikio."

Basi lishikeni hilo, ndilo somo la kwanza. Sukari na marashi vikipanda moto vinapiga kelele, mapovu makubwa, vurugu tupu. Maji yakipungua sauti inakuwa nzito na mapovu yanajikunja madogo. Halafu kuna pahala sukari inanyamaza, haikai kimya kabisa, inanyamaza kama mtu anayetaka kusema jambo. Hapo ndipo unatia vipande vya udi na kukoroga kwa mwiko, na simu yako iwe chumba kingine. Ukichelewa sukari inaungua, udi wako utanuka keki iliyosahauliwa kwenye oveni. Ukiwahi, unanata, utautoa kwenye chupa kwa kisu na kulaani siku uliyozaliwa. Miski na mafuta hutiwa baada ya kuepua, kwa sababu moto unakula harufu yake.

Na makaa ya chetezo yaacheni mpaka yavae jivu jeupe. Makaa mekundu yanaunguza udi, hayaupashi. Siku hizi mnatumia yale makaa ya vidonge yanayowaka kwa kiberiti na kurusha cheche, na wengine mmenunua vyetezo vya umeme. Vya umeme sina neno navyo. Vidonge vinanuka baruti, na nguo ya harusi iliyonuka baruti ni fedheha kwa mji mzima.

Asya alikuwa na haraka, ndio kasoro yake. Kuna harusi moja alitia chetezo chini ya shela makaa hayajavaa jivu, cheche ikaruka, pindo likatoboka tundu la kupita kidole. Bibi harusi alikuwa chumba cha pili akipakwa hina. Asya akaniangalia, mimi nikamwangalia, akachukua sindano akashona ua la shanga juu ya lile tundu, kisha akashona mengine mawili pembeni ili lisionekane limekaa peke yake. Wiki ile ile wakaja watu wawili kutaka shela zenye maua pindoni. Tulicheka mpaka Bi Kazija akatufukuza jikoni.

Bi Kazija alikohoa miaka yote tuliyomjua. Sisi tulikiita kikohozi cha kazi, kama vile fundi cherehani ana sugu kidoleni. Siwaambii kwamba moshi ndio uliomuua, alikufa mkongwe na siku zake zilikuwa zimefika. Nasema tu kwamba alikohoa, na sote tulikaa naye chumba kimoja, na hakuna aliyefikiri kufungua dirisha.

Maradhi yangu yaligunduliwa kwa njia ya macho. Nilikwenda kutaka kutolewa mtoto wa jicho, wakanipima damu kwanza. Nilikuwa nimechoka kwa muda na shingoni nina vivimbe kama kunde, nikasema ni uzee. Daktari alikuwa barobaro, akaniamkia vizuri, "Shikamoo bibi," nikamwitikia marahaba, kisha akaiangalia karatasi ya majibu ya damu kwa muda uliopita kiasi. Akaniambia nina saratani ya damu, lukemia, ile ya kwenda polepole. Akasema wengi wa umri wangu wanaishi nayo miaka, na kwamba kwa sasa hatuanzi dawa, tunaiangalia.

"Unaiangalia?" nikamwuliza. "Saratani unaiangalia, kwani ni chungu cha maharage?"

Akacheka, akavuta kiti karibu. Alinieleza kwamba chembe nyeupe za damu ndizo zinazopigana na maradhi, na mimi ninazo nyingi mno, lakini nyingi katika hizo hazifai. Nikamwambia nshafahamu. Ni jiko la harusi, wanawake wamejaa mpaka mlangoni na hakuna anayekoroga wali. Akasema atayatumia maneno hayo kwa wagonjwa wengine. Nikamwuliza pia kama ni udi ulioniletea. Akasema hapana, hajui kilicholeta, na hatajifanya anajua. Lakini akasema mtu mwenye damu kama yangu, kinachomdhuru mara nyingi siyo saratani yenyewe. Ni maradhi madogo ya watu wengine yanayomwingia yeye na kuwa makubwa, na mlango wake mkuu ni mapafu.

Niliporudi nyumbani Ruwaida, binti yangu, alifunga mlango ndipo akaniuliza. Alilia, kisha akafuta uso akasema, "Mama, tusilitaje. Watu watasema ni maradhi ya damu, yamo katika ukoo. Nasra ndio kwanza anachumbiwa." Nasra ni binti yake, mjukuu wangu wa kwanza. Daktari alikuwa keshaniambia kwamba haya siyo mambo ya kuambukiza, lakini nendeni mkawaeleze watu wa posa. Tukakubaliana kusema mama ana upungufu wa damu. Kila aliyeniuliza nilimwambia hivyo, Asya pia. Aliniletea mchicha na maini mpaka nikachoka.

Nimonia ya kwanza ilinikuta miezi kadhaa baadaye. Ilianza kama mafua. Kisha nikaanza kuhisi baridi ndani ya mifupa, na nikivuta pumzi ndefu ubavu unanichoma. Sasa mnajua sisi tulivyo mtu akiugua. Habari ilipotoka tu, nyumba ikajaa. Wenye mafua walikuja, wenye watoto wa kukohoa walikuja nao, kila mmoja akanishika mkono akaubusu, wengine wakanibusu na uso. Asiyekwenda kumtazama mgonjwa atasemwa, na mgonjwa asiyetazamwa ataona hana watu. Nami nilifurahi, nisiwadanganye. Nililala pale nikihesabu nani kaja na nani bado.

Asya alikuja na udi wake bora, ule aliokuwa ameuweka kwa ajili ya Idi. Akaona chumba kinanuka ugonjwa. Akafunga madirisha ili harufu isipotee, akatia chetezo chini ya kitanda changu, akanifunika shuka ili moshi uniingie vizuri. Akaketi pembeni akinisugua miguu. Hakuna katika mji huu anayejua kumfukiza mtu kwa mapenzi kama Asya. Baada ya muda mfupi nikawa siwezi kumaliza sentensi. Ruwaida alipoingia aliniona midomo imebadilika rangi, na safari ya hospitali ikaanza palepale, mimi nikinuka kama bibi harusi.

Yule daktari alinisikiliza kifua, kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alipoona naweza kukaa, akanitia kile chombo chake masikioni, akakishikiza chini ya ubavu wangu, akasema, "Vuta pumzi, bibi, sikiliza." Nikasikia mchemko mdogo mdogo. Ilikuwa sukari, wanangu. Ilikuwa ile sauti ya mapovu yanapojikunja. Nilimwambia, "Hii bado haijawa tayari," naye akadhani homa imenipanda kichwani.

Waliniweka wodini na oksijeni na dripu. Nilipopata nafuu daktari alikaa na mimi na Ruwaida akasema moshi basi. Wa udi, wa ubani, wa sigara, wa kuni, wa takataka za jirani. Nikamwuliza, hata kidogo siku ya Ijumaa? Akasema hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikaitazama sufuria yangu ya shaba, nikamwambia Ruwaida aitie juu ya kabati mahali nisipoifikia. Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku nilipoambiwa jina la ugonjwa.

Basi ngoja niwaambie nilivyojifunza kuishi, maana huenda mmoja wenu akawa na mama au baba wa namna hii. Kila mtu ana daktari wake na amsikilize huyo, mimi nasema yangu tu. Homa kwangu siyo jambo la kusubiri asubuhi. Kipimajoto kinakaa kando ya mto, na nikihisi baridi najipima kabla sijameza kidonge chochote, kwa sababu kidonge kinashusha homa na kukufichia moto ukiwa unaendelea kuwaka chini. Homa ikifika namba aliyonitajia daktari, tunakwenda hospitali, hata kama pilau iko mezani. Nimechanjwa chanjo ya nimonia na ya mafua, na kabla ya chanjo yoyote tunauliza kwanza, kwa sababu ziko zisizomfaa mtu kama mimi. Mikono inaoshwa mlangoni, kuna ndoo na sabuni, na mwanangu wa kiume akija kutoka kazini anaosha kama mtoto huku nikimtazama. Nyumba zetu hizi za mawe zina unyevu, ukuta ukitoa ukungu mimi nahama chumba mpaka usafishwe na ukauke. Sifagii tena, sipekui makabati ya zamani. Kila siku napanda na kushuka ngazi polepole, kisha nakaa wima navuta pumzi mpaka chini kabisa ya kifua na kuitoa taratibu. Mara ya kwanza niliona ni mchezo. Sasa siku nisipofanya najua.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Zito lilikuwa watu.

Nilipata nimonia ya pili wakati wa vuli, mbaya kuliko ya kwanza. Nilipotoka hospitali, Ruwaida alikata shauri kwamba hapandi mtu ngazi zetu. Akaweka kiti chini mlangoni, akakaa yeye mwenyewe kama askari, na kila aliyekuja alimwambia mama kalala. Wengi waliacha salamu wakaenda zao. Asya alikuja na mkungu wa ndizi na kikohozi chake cha kazi, maana na yeye kakirithi. Ruwaida akamwambia mama kalala.

"Nnajua kalala. Nnakwenda kukaa pembeni yake."

"Haiwezekani, khalati. Watu hawapandi."

"Mimi ni watu?"

Mimi kweli nilikuwa nimelala. Haya nilikuja kuyajua baadaye, wakati Asya alikuwa keshaziweka ndizi kwenye ngazi na kuondoka. Nilimpigia simu, hakupokea. Alikuwa akipita uchochoroni kwenda sokoni Darajani kama zamani, hatua zile zile za haraka, lakini hakuinua kichwa. Nilimwita mara moja kutoka dirishani. Alisimama kidogo, akaweka sawa buibui lake, akaenda. Huyu ni mtu aliyenishika mkono siku nilipojifungua na siku nilipofiwa na mume. Nikawa nakaa dirishani nikimngoja apite bila kuinua kichwa. Niliogopa kumkosa yeye kuliko nilivyoiogopa nimonia, na nalisema hivyo hivyo lilivyo.

Kisha posa ya Nasra ikakamilika, kwa watu wa Bububu, watu wema. Siku ya harusi ikawekwa. Na kila mtu mjini akawa anajua kwamba mjukuu wa Salha mpika udi anaolewa, na akawa anangoja kuona nguo zake zitanukia vipi. Mimi siwezi kukaribia chetezo. Kuna wanawake wengine wanaofukiza vizuri, siwadharau, lakini udi wa Bi Kazija wanaujua wawili tu walio hai, na mmoja ndiye huyo asiyeinua kichwa.

Nilikaa dirishani asubuhi moja mpaka nikaona buibui lake likitokea pembeni. Tuna kikapu cha kamba, tunakiteremsha kununulia mkate na samaki bila kushuka. Nilitia ndani ule mwiko wangu wa kupikia udi, alionipa Bi Kazija, nikakiteremsha mpaka kikamzuia njia.

Akautazama mwiko. Hakuugusa.

"Nguo za Nasra, Asya," nikamwambia.

Sasa akainua kichwa. "Mimi si nina vijidudu? Tafuta asiye navyo."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Mwanao kanizuia mlangoni kama mwizi! Miaka yote hii, Salha. Mtu ana upungufu wa damu, hatazamwi? Kwani wewe wa kwanza?"

Uchochoro ulikuwa umejaa. Muuza maembe alikuwa amesimama na mkokoteni wake, jirani wa mbele yuko barazani na gazeti, wanafunzi wanapita. Ruwaida alikuwa nyuma yangu chumbani, na alinishika nguo maana aliona ninachotaka kufanya. Nilifikiri kuhusu watu wa Bububu. Nilifikiri kuhusu Nasra. Halafu nikamtazama Asya pale chini, macho yamemjaa maji na mdomo umekazwa, nikaona kwamba nimemwachia aamini mabaya kuhusu nafsi yake kwa sababu ya maneno ya watu.

"Sina upungufu wa damu," nikasema, na kwa kifua changu ilinibidi nipige kelele. "Nna saratani ya damu, Asya! Mafua ya mtoto yanaweza kuniua! Ndio maana!"

Gazeti la jirani lilishuka. Muuza maembe akatoa kofia, sijui kwa nini, masikini.

Asya alisimama. Akakishika kikapu ukingoni. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo mpaka ikabidi niiname, "Na ule udi nlokufukiza chini ya kitanda?"

"Ulinukia vizuri."

Akauchukua mwiko akaufuta kwa ncha ya buibui, akaondoka nao. Hakuaga. Ruwaida alikaa kitandani kwangu, kichwa mikononi. Mimi niliteremka ngazi na kuzipanda, pumzi zilinitosha.

Habari ilifika Bububu kabla ya adhuhuri. Mama wa kijana alipiga simu, Ruwaida akaipokea. Alisikiliza, akasema ndio, ndio, shukrani, akaweka. "Anasema wamesikia," akaniambia. "Anasema wageni wao wenye mafua hawatawaleta upande wako." Hilo ndilo tulilolificha muda wote ule.

Asya aliupika udi kwake Kikwajuni. Hakutaka kuamini masikio yake peke yake, akanipigia simu na kuishikilia juu ya sufuria. Nilikuwa nimekaa hapa kitini, nikaisikia sukari ikipiga kelele, ikapungua, ikawa nzito. "Bado," nikamwambia. "Bado, acha haraka zako. Bado. Haya, tia." Ndivyo nitakavyowafundisha na nyinyi, msione ni jambo la ajabu. Simu haipitishi moshi.

Siku ya kutoa nguo alizileta chini ya dirisha ili nizione. Alikuwa na barakoa, alisimama mbali kidogo, amezibeba mikononi kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani nimejitanda shali. Asubuhi ile nilihisi baridi kidogo. Kipimajoto kilikuwa pale pale kando ya mto, na sikukichukua. Nilijiambia ni uchovu wa shughuli, nitapima jioni, nitapima kesho baada ya nikahi. Mtu anayejua yote niliyowaeleza hapo juu alikuwa amekaa anajiambia hivyo.

Asya alianza kunionesha pindo la shela. Akakatiza maneno.

"Salha, kwani una nini na shali?"

"Kuna upepo."

"Upepo gani? Joto la kaskazi hili, paka wamelala chini ya makarai! Ruwaida! Ruwaida we! Mpime mamako homa, sasa hivi!"

"Asya, harusi kesho."

"Harusi itakuwepo bila ya wewe. Mimi sitokuwepo bila ya wewe. Ruwaida!"

Ruwaida alinipima. Kipimajoto kilipolia aliangalia tu akaenda kutafuta gari. Nilitolewa nyumbani nimejitanda shali ile ile, na Asya alitangulia mbele uchochoroni akifukuza watu, nguo za harusi bado mikononi mwake, akinuka udi hatua kumi nyuma yake. Mimi nilivaa barakoa mbili na nilishika pumzi nilipopita pale alipokuwa.

Ilikuwa nimonia, imeanza chini ya pafu la kulia. Dripu ilianza mchana ule ule. Daktari alisema ningengoja mpaka baada ya harusi angekuwa anazungumza na Ruwaida peke yake. Harusi niliiona kwenye simu ya mjukuu wangu mwingine, picha ikikatika katika. Nilisikia wanawake wakipiga vigelegele na mmoja akiuliza kwa sauti, udi huu nani kaufanya? Sikusikia jibu, mtandao ulikatika. Nililia kidogo, kisha nikala ndizi ya kuchemsha, kwa sababu nilikuwa na njaa, na njaa baada ya homa ni jambo zuri.

Nimetoka salama. Dawa ya saratani nayo nimeanza sasa, ya vidonge, daktari anasema tumeshaiangalia vya kutosha. Kifua kinanichoma siku za mvua. Watu wanakuja chini ya dirisha na mimi nashusha kikapu, wananitilia machungwa, habari na maneno ya kunicheka. Kwa hiyo nyinyi mkija, semeni kwanza kama mna mafua, na msione haya. Siyo uchafu wala tusi.

Juzi nilisikia zile hatua za haraka, halafu zikasimama mbali, pale kona, kabla hazijafika mlangoni.

"Salha!"

"Naam!"

"Nna kikohozi tangu jana! Siingii!"

Aliutangazia mji mzima. Wanafunzi wakacheka, jirani wa barazani akainua kichwa. Nikamwambia akae hapo hapo kwenye baraza ya kona. Akakaa. Mimi nikavuta kiti changu karibu na dirisha, tukazungumza kwa kupiga kelele mpaka ikaadhiniwa alasiri, na uchochoro wote ukajua habari zetu.